Hanuka: Sikukuu ya Waliorudi kutoka Mapangoni

Mugunga, magharibi mwa mji wa Goma kwenye barabara iendayo Sake, hakuna sinagogi. Kuna Biblia, tena za aina mbili, na tofauti yake inagusa kiini cha Hanuka. Mkatoliki anavyo vitabu viwili vya Wamakabayo. Jirani yake Mprotestanti kwa kawaida hana. Hata Wayahudi, wenye sikukuu yao, hawakuviingiza katika Maandiko yao. Hata hivyo, Mkatoliki na Mprotestanti wote wawili huikuta sikukuu hiyo katika Injili ya Yohana, sura ya 10, ikiitwa Kutabaruku, wakati wa baridi.

Jina hilo linafaa kuliko "Sikukuu ya Taa" lililozoeleka, kwa kuwa neno la Kiebrania, Hanuka, nalo lina maana ya kuweka wakfu. Mwaka 167 KK Mfalme Antioko wa Nne alipiga marufuku tohara na Sabato, na hekalu la Yerusalemu likanajisiwa. Miaka mitatu baadaye Yuda Makabayo na ndugu zake wakalitwaa tena. Sura ya 4 ya kitabu cha kwanza cha Wamakabayo haikawii kwenye shangwe, inaeleza kazi. Uani vichaka vilikuwa vimeota kama msituni. Mawe ya madhabahu iliyonajisiwa hayakutupwa, bali yaliwekwa kando mpaka atokee nabii wa kuamua, na madhabahu mpya ikajengwa kwa mawe yasiyochongwa. Wakazi wa Mugunga, ambao nyua zao hujengwa kwa mawe meusi ya volkano yanayopangwa jinsi yalivyookotwa, hawahitaji kuchorewa picha hiyo.

Mafuta je? Vitabu hivyo viwili havisemi lolote kuhusu chupa ya mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane. Habari hiyo imo katika Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi ulioandikwa karne kadhaa baadaye. Kitabu cha pili, sura ya 10, kina maelezo mengine ya siku nane: watu waliadhimisha kwa mfano wa Sikukuu ya Vibanda, wakikumbuka kwamba muda mfupi kabla ya hapo sikukuu hiyo iliwakuta milimani na mapangoni, wakiishi kama wanyama wa porini.

Hapo ndipo penye uzito. Hanuka ilianza kama sikukuu ya wakimbizi waliorudi, wakilipa siku ambazo vita iliwanyang'anya. Mugunga ilipokea wakimbizi Wanyarwanda mwaka 1994, kisha kwa miaka mingi Wakongo waliofukuzwa vijijini mwao wakaishi chini ya maturubai. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakawaua wakimbizi katika kambi za huko huko. Kwa msomaji wa hapo, mstari huo kuhusu mapango si pambo la hadithi.

Marabi walihamisha mkazo kutoka vitani kwenda kwenye taa, na hawakukosea: watawala wa ukoo wa Wamakabayo walikuja kuwakandamiza Wayahudi wenzao. Taa huongezwa moja kila usiku, kuanzia moja hadi nane, pamoja na ya tisa ya kuwashia nyingine. Sheria inataka iwekwe mlangoni, ionekane na wapitao njia. Lakini Talmudi inaongeza: wakati wa hatari, inatosha kuiweka mezani, ndani ya nyumba.

Kanuni hiyo ina mfano katika nchi jirani. Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Mbale, Uganda, walioanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walipigwa marufuku na Idi Amin, wakasali kwa siri. Amin aliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, jioni ya kuingia Pasaka ya Kiyahudi. Leo wanasali hadharani, na rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja hilo mwaka 2008.

Basi anayetaka kuielewa Hanuka asianzie kwenye chupa ya mafuta wala maandazi ya sherehe. Aazime Biblia ya jirani yake Mkatoliki, afungue kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 10, mstari wa 6.