Ufuatiliaji wa Vituo Teule

Katika elimu ya magonjwa ya mlipuko, ufuatiliaji wa vituo teule ni utaratibu ambao nchi huchagua hospitali na zahanati chache na kuzikabidhi kazi ya kuchukua sampuli za wagonjwa wa njia ya hewa kila wiki, kwa masharti yaleyale, ili kutokana na hao wachache ijulikane ni virusi gani vinavyozunguka, vimeanza lini na vinawapata akina nani zaidi.

Neno ufuatiliaji limepewa kazi ambayo Kiingereza kilikabidhi neno la Kifaransa lenye maana ya kukesha juu ya jambo. Hadi katikati ya karne ya 20 neno hilo la kigeni, hata katika afya, lilihusu mtu binafsi, yaani yule aliyekaribiana na mgonjwa wa ndui au tauni na ambaye aliangaliwa ili atengwe mara dalili zikijitokeza. Alexander Langmuir, mtaalamu wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ndiye aliyelihamisha kutoka kwa mtu hadi kwa ugonjwa wenyewe, na katika makala yake ya mwaka 1963 alieleza kuwa kazi hiyo ni kuwa macho daima juu ya mwenendo wa ugonjwa, kwa kukusanya takwimu kwa utaratibu, kuzichambua na kuzifikisha kwa kila anayepaswa kuzijua. Kwa maana hiyo, upelelezi lisingefaa kwa kuwa lina harufu ya polisi, na uchunguzi tayari limeelemewa na kazi za maabara na za utafiti. Ufuatiliaji lina faida ya umbo lake, kwani kitenzi fuata kimeongezewa kauli ya kutendea mara mbili, kikawa fuatia kisha fuatilia, na urudufu huo ndio unaobeba dhana ya kushikilia jambo bila kuliachia. Anayepinga kwamba mfuatiliaji huwa nyuma ya anachokifuata hajakosea sana, maana majibu ya maabara huhusu watu waliougua siku kadhaa zilizopita.

Kivumishi teule kina uzito zaidi. Kiingereza hapa hutumia taswira ya askari wa zamu langoni, taswira inayomfanya msomaji adhani kwamba kituo huona kila kipitacho, ilhali wagonjwa wengi wa mafua hubaki nyumbani au huishia duka la dawa. Kiswahili kimeiacha taswira hiyo na kutaja kinachofanyika kweli, yaani kuteua, na hilo ni bora, kwa sababu uteuzi ndio unaoamua kitakachoonekana: nchi iliyoweka vituo vyake vyote mijini itajua mengi kuhusu miji.

Ili takwimu za vituo mbalimbali zilinganishwe, hutakiwa tafsiri sanifu ya ugonjwa, yaani masharti ambayo mgonjwa akiyatimiza huhesabiwa. Kwa Shirika la Afya Duniani, ugonjwa unaofanana na influenza ni maambukizi ya ghafla ya njia ya hewa yenye homa ya nyuzi 38 au zaidi na kikohozi, yaliyoanza ndani ya siku 10. Yakimlazimu mgonjwa kulazwa, huitwa maambukizi makali ya njia ya hewa, na hapo hata homa ambayo mgonjwa anaieleza tu bila kupimwa hukubaliwa. Sampuli za puani na kooni hupimwa kwa njia ya PCR, inayotambua chembe za urithi za virusi, na baadhi yake hupelekwa kwenye maabara za rufaa za mtandao wa kimataifa wa influenza ulioanzishwa mwaka 1952, ambao matokeo yake ndiyo msingi wa kuteua aina za virusi vitakavyowekwa katika chanjo, kila Februari kwa kizio cha kaskazini na kila Septemba kwa kizio cha kusini.

Kenya ilianza utaratibu huu mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008, na moja ya faida zake ni kuonyesha kwamba nchini Kenya influenza huzunguka karibu mwaka mzima, bila kilele kimoja cha majira ya baridi kama ilivyo Ulaya, jambo linalofanya kalenda ya chanjo ya huko isifae kunakiliwa. Kilifi, katika pwani ya Kenya, ambako virusi vya RSV vinavyowalaza watoto wachanga vimefuatiliwa hospitalini tangu 2002, takwimu za wodi huunganishwa na sensa ya wakazi wa eneo hilo, hivyo kiwango cha ugonjwa katika jamii huweza kukadiriwa. Hata hivyo, wodi haikuweza kusema nani humwambukiza mtoto. Ilibidi watafiti waende kupima kaya nzima nzima, na ikaonekana kwamba mara nyingi ni ndugu wakubwa, hasa wanaosoma shule.

Kwa hiyo msomaji anayekuta taarifa kwamba virusi fulani vimefikia asilimia kadhaa asiichukulie kuwa ni asilimia ya wananchi. Ni ya sampuli, nayo haina maana kamili mpaka idadi ya sampuli hizo na vituo vilivyozitoa vitajwe pamoja nayo.