Mwarobaini, mba na fangasi anayependa mafuta

Ukiwa na mba, hukosi washauri. Mmoja atakwambia upake mafuta ya mbegu za mwarobaini, mwingine ataapia uwatu, wa tatu habasoda. Je, mbegu hizi zinatibu kweli? Ili tujibu vizuri, turudi nyuma karibu miaka 150.

Mwaka 1874 Mfaransa Louis-Charles Malassez alichunguza magamba ya mba kwa hadubini, akaona vimelea vidogo vya fangasi. Baadaye, mwaka 1889, fangasi hao wakapewa jina la Malassezia kwa heshima yake. Shida ikaja hapa: wanasayansi walipojaribu kuwaotesha maabara, waligoma kumea. Sasa utathibitishaje kwamba mdudu fulani ndiye mkosaji, wakati huwezi hata kumfuga?

Jibu lilipatikana mwaka 1939. Rhoda Benham, mtafiti wa New York, alionyesha kwamba fangasi hawa wanahitaji mafuta ili wakue. Kumbe walikuwa wanakufa njaa! Mpaka leo, maabara nyingi huwawekea mafuta ya zeituni ili wamee.

Kichwani kwako chakula kipo tayari, maana ngozi hutoa mafuta yake yenyewe. Fangasi anatoa vimeng'enya, anayavunja mafuta hayo, anakula anayoyataka na kuacha mengine, ikiwemo asidi ya oleiki. Kwa watu ambao ngozi yao haiivumilii asidi hiyo, kichwa kinawasha na ngozi inabanduka haraka kuliko kawaida. Hiyo ndiyo mba. Si uchafu, kwa hiyo usimcheke mwenzako.

Sasa tuje kwenye mwarobaini. Asili ya mti huu ni Bara Hindi, ambako umetumika kama dawa tangu zamani sana. Sisi tukauita mwarobaini, kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Mwaka 1942 mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga kutoka kwenye mafuta yake viambato vyenye uchungu, kikiwemo nimbini. Mwaka 1994 kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipewa hataza ya Ulaya ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua fangasi wa mimea. Wanaharakati, akiwemo Vandana Shiva wa India, walipinga: jambo hilo si jipya, wakulima wanalijua siku nyingi! Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005.

Ulikuwa ushindi mkubwa kwa maarifa ya jadi. Ila tusichanganye mambo. Kesi ile ilihusu fangasi wa mimea shambani, na swali lilikuwa kama ugunduzi ni mpya. Hakuna aliyeulizwa kuhusu mba.

Na hapa ndipo historia zetu mbili zinapogongana. Sehemu kubwa ya mafuta ya mwarobaini ni asidi ya oleiki, ileile inayowasha. Kwa hiyo viambato vilivyotengwa kutoka kwenye mbegu vinaweza kuzuia fangasi kwenye kisahani cha maabara, lakini ukijipaka mafuta yenyewe na kulala nayo, huenda unamwandalia fangasi karamu. Mafuta hulainisha magamba, yanapotea machoni, nawe unadhani umepona.

Ufanyeje basi? Kama unapenda mafuta ya mbegu, paka kidogo na uyaoshe, usiyaache siku nzima. Mba ikisumbua, tafuta shampuu yenye ketokonazoli au zinki pairithioni. Hizi zimepimwa kwenye vichwa vya watu. Na tafadhali, usimnyweshe mtoto mafuta ya mwarobaini: yamewahi kusababisha sumu mbaya kwa watoto wachanga.

Bibi zetu hawakukosea kuamini kwamba mbegu zina nguvu. Kazi iliyobaki kwetu ni kuuliza: nguvu hiyo ni dhidi ya nani, na ikiwekwa wapi?