Mgandamizo wa vilindi na uhai wa seli

Mwaka 1843 Edward Forbes, mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza aliyekuwa ameparuza sakafu ya Bahari ya Aegea, alitoa hoja kwamba chini ya pima 300, yaani kama meta 550, hakuna uhai. Aliona viumbe wakipungua kadiri chombo chake kilivyozama, akakisia kwamba mbele zaidi watakwisha kabisa. Hoja iliwaingia watu akilini, kwani kila meta 10 za maji huongeza mgandamizo wa takriban atmosfia moja, na nani angestahimili mamia ya mizigo hiyo? Mwaka 1860 waya wa telegrafu ulioopolewa kutoka kilindi cha Mediterania ulikutwa umeota matumbawe. Mpaka wa Forbes ukavunjika, lakini dhana iliyoubeba, kwamba mgandamizo kwa asili yake ni adui wa uhai, ikabaki. Kwa maoni yangu, dhana hiyo ilichelewesha elimu ya vilindi kama ulivyoichelewesha uhaba wa vyombo.

Kosa lilikuwa kuifikiria seli kama debe tupu linalopondwa. Seli imejaa maji, na maji hayabanwi kirahisi. Yaliyomo ndani husukuma sawa na yaliyo nje. Hakuna kinachopondwa. Mgandamizo hufanya kazi ya chinichini: huzuia kila badiliko linalohitaji nafasi zaidi na kulipendelea linalopunguza nafasi. Protini hulegea umbo. Mafuta ya utando wa seli husongamana na kukakamaa, mfano wa mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Mwaka 1914 Percy Bridgman wa Marekani aliubana ute wa yai kwa atmosfia zipatazo 7,000, ukaganda kama wa yai la kuchemsha, bila moto wowote. Miaka 15 kabla yake Bert Hite, huko West Virginia, alikwisha kuonyesha kwamba maziwa yaliyobanwa huchelewa kuchacha. Mtu aweza kusema basi kwamba Forbes alikosea kipimo tu, si kanuni. Lakini hata sakafu ya Mfereji wa Mariana, penye kina cha karibu meta 11,000, ina atmosfia 1,100 hivi. Jaribio la Bridgman halikuwa la bahari yoyote tuliyo nayo.

Pingamizi zito zaidi lilitoka baharini kwenyewe. Oktoba 1968 nyambizi ndogo ya utafiti, Alvin, ilizama katika Atlantiki kwenye kina cha zaidi ya meta 1,500. Mabaharia wake waliokoka, chakula chao kikabaki ndani. Ilipoopolewa baada ya miezi kumi, sandwichi zilikuwa zimelowa lakini hazijaoza, na supu iliyokuwa kwenye chupa ya chai ilikuwa bado inalika. Je, ni baridi tu? La, kwa sababu chakula hichohicho kilipowekwa kwenye jokofu, kwenye baridi kama ile, kiliharibika ndani ya wiki chache. Ilionekana kama Forbes amepata shahidi wake. Hata hivyo vijidudu vilivyokuwamo katika mikate ile vilitoka jikoni, nchi kavu. Kudorora kwao kulionyesha jinsi mgeni anavyoshindwa kilindini. Kuhusu wenyeji hakukusema lolote.

Wenyeji walihitaji kupandishwa pamoja na mgandamizo wao, na hapo ndipo Aristides Yayanos na wenzake wa California walipofanya kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika historia hii. Walitumia vyombo vya chuma vyenye kuhifadhi mgandamizo na baridi ya kilindi. Mwaka 1981 walitangaza bakteria waliyempa jina MT41, kutoka kwa kidudu mfano wa kamba kilichonaswa Mariana kwenye kina cha meta 10,476. Alistawi vyema zaidi kwenye atmosfia karibu 690, katika nyuzi 2 za Selisiasi, na mgandamizo uliposhuka mno hakuzaliana kabisa. Bakteria wa aina hii wana mafuta ya utando yasiyoganda kirahisi, ya jamii ya mafuta ya alizeti kuliko samli, na ndiyo maana utando wao hubaki laini pale ambapo wetu ungekakamaa. Alipoachwa katika atmosfia moja, hewa tunayoishi sisi, MT41 alikuwa akifa ndani ya saa kadhaa.