Mlima Ulimkataa McMillan, Maktaba Ikabaki na Jina Lake

Ukitoka Msikiti wa Jamia adhuhuri ya Ijumaa, umati ukikusukuma kuelekea barabara ya Banda, utakutana ana kwa ana na jengo lenye nguzo nene za mawe na simba wawili wanaolinda ngazi. Wapita njia wengi hudhani ni mahakama ya zamani, au benki iliyofungwa. Ni maktaba. Tarehe 5 Juni 2031 itatimiza miaka 100 tangu Gavana Joseph Byrne aifungue.

Karne si mchezo. Nairobi ina majengo machache ya umri huo yaliyobaki yakifanya kazi ileile yaliyojengewa, na sherehe bila shaka zitakuja na mahema, hotuba na fulana. Kabla mabango hayajachapishwa, afadhali tuulizane mapema tutakuwa tunasherehekea nini hasa: jengo, jina, au vitabu? Nimeisoma sheria inayoilinda maktaba hii na nimetazama filamu ya wanawake wawili waliojitwika kazi ya kuifufua. Ukiviweka viwili hivyo pamoja unaona wazi kwamba katika miaka hiyo yote jina ndilo lililotunzwa vizuri kuliko chochote kingine.

Mwenye jina ni William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis, aliyezaliwa mwaka 1872 katika familia tajiri. Alikuja Afrika Mashariki kuwinda, akapenda, akabaki. Alikuwa na shamba Juja, akaongeza mengine chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, na mjini alikuwa na nyumba ya Chiromo, pale ambapo leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanasomea sayansi. Theodore Roosevelt alipokuja na bunduki zake mwaka 1909, McMillan ndiye aliyemkaribisha. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akipigana upande wa Uingereza, na vilipomalizika akapewa cheo cha Sir. Alikuwa pia mtu wa mwili. Inasimuliwa kwamba mkanda wake wa upanga ulikuwa wa inchi 64, ambao ungewazunguka vijana wawili wa leo na kubakiza tundu la kufungia.

Unene huo ndio uliozaa kisa ambacho wenyeji wa Ol Donyo Sabuk hawachoki kukisimulia. McMillan alifariki Ufaransa, mjini Nice, mwaka 1925. Alikuwa ameacha neno kwamba azikwe juu kabisa ya Ol Donyo Sabuk, mahali ambapo siku isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Kilele hicho kina urefu wa mita 2,145, na barabara ya miaka hiyo haikuwa barabara ya kuitwa barabara. Jeneza lilifungwa juu ya chombo cha kuburutwa, trekta ikawekwa mbele, msafara ukaanza kupanda. Njiani trekta ikaanza kulalama, na inasemekana klachi iliungua. Walio nyuma ya jeneza wakabaki wamesimama kwenye mteremko, kilele wanakiona, maiti haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Wakachimba kaburi papo hapo.

Ukipanda mlima huo leo, ambao sasa ni mbuga ya taifa, utakuta makaburi kando ya njia, kabla hujafika kileleni. McMillan yupo, mkewe Lucie yupo, na Louise Decker, mtumishi aliyeishi nao miaka mingi, naye amelazwa hapo. Wamasai waliuita mlima huo Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mnene. Waswahili tuliona mbogo tukauita Kilimambogo. Mtu aliyekuwa na ardhi yote ile chini yake alishindwa kununua hatua za mwisho za kupanda juu.

Nadhani Lady Lucie aliposhuka pale alikuwa tayari anawaza mahali pengine pa kuliweka jina la mumewe, mahali pasipohitaji trekta. Huo ni uaguzi wangu, lakini matokeo yake yako barabara ya Banda. Alitoa fedha, Shirika la Carnegie la Marekani nalo likachangia, na kufikia mwaka 1931 jengo lilikuwa tayari. Mwaka huohuo Karen Blixen alikuwa anauza mali yake ya Ngong ili arudi Denmark, na baadhi ya samani zake ziliishia kwenye vyumba vya McMillan. Kisha mwaka 1938 likafanyika jambo ambalo halijawahi kufanyiwa jengo jingine lolote nchini: serikali ya kikoloni ikaitungia maktaba sheria yake yenyewe, ambayo hadi leo inaitwa Sheria ya Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, Sura ya 217. Kunyakua kiwanja Nairobi ni rahisi kuliko kununua mkate, na sheria hiyo imekuwa ngao ya kweli. Makampuni yangeweza kuota maghorofa 40 pale, ila yangepaswa kwanza kupitia Bungeni.

Iliyokuwa inalindwa, hata hivyo, ilikuwa maktaba ya Wazungu. Mwafrika aliingia humo akiwa na ufagio au trei ya chai. Wahindi walijijengea ukumbi wao wenye maktaba kwa kumbukumbu ya Manilal Ambalal Desai, mwanasiasa na mhariri wao. Mombasa ilikuwa imetangulia zamani, kwani maktaba ya Seif bin Salim ilifunguliwa mwaka 1903, miaka 28 kabla ya McMillan, jambo ambalo watu wa bara hupenda kulisahau. Mwafrika wa Nairobi aliyetaka kitabu alisubiri hadi mwaka 1948, lilipoanzishwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, na hata hapo kitabu kilimfikia kwa sanduku au kwa posta. Msomaji wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, angeweza kuagiza kitabu kikaletwa kwa posta, ilhali umbali wa kutembea kwa miguu kulikuwa na jumba limejaa vitabu ambalo mlango wake hakuruhusiwa kuukanyaga.

Katika riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth, msichana Paulina anashuka treni Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, halafu anapotea mjini akijaribu kurudi Pumwani. Kila nikiisoma nafikiria ramani ya jiji lile. Angeweza kupita mbele ya simba wale wawili akilia, na mlango ule usingemhusu. Lady Lucie alikufa mwaka uliofuata, 1957.

Mwaka 1962, Uhuru ukibisha hodi, Baraza la Jiji likaichukua maktaba na milango ikafunguliwa kwa wote. Matawi ya Kaloleni na Makadara yakawekwa chini yake. Mwaka 1965 sheria ya maktaba za taifa ikapitishwa, serikali ikaanza kujenga mtandao wake mwingine kabisa, ule ambao mwaka 1996 uliwapakia ngamia wa Garissa masanduku ya vitabu ili kuwafuata wafugaji. McMillan ikabaki mikononi mwa jiji, ikizeeka pamoja nalo. Vizazi vya watahiniwa vimebukua pale kwa mtihani wa kidato cha nne, kwenye meza ndefu, vitabu vyao wenyewe mbele na vya maktaba nyuma. Hebu wazia hilo: watu wanaingia maktaba kutafuta kiti na kimya, vitabu rafuni havina la kuwaambia.

Mwaka 2017 Angela Wachuka, mchapishaji, na Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya The Havoc of Choice, walianzisha shirika la Book Bunk, wakakubaliana na Kaunti ya Nairobi kuzikarabati McMillan na matawi yake mawili. Walianza na matawi, na hapo walifanya akili: Kaloleni na Makadara ndiko waliko watoto. Filamu ya Maia Lekow na Christopher King, How to Build a Library, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2025, inawafuata wakiingia ofisi moja na kutoka nyingine, wakihesabu vitabu vyenye vumbi, wakiwaomba fedha watu wa kila aina. Uingereza imo. Mwaka 2023 Mfalme Charles mwenyewe aliitembelea maktaba ya Makadara. Wapo waliosema ni kejeli kumpokea mfalme wa ufalme uliotufungia mlango. Mimi naona aliyefunga mlango ana deni la bawaba, na deni likilipwa hupokelewa.

Mabishano yaliyonivuta zaidi yanahusu namba. Maktaba nyingi za umma duniani hupanga vitabu kwa utaratibu wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Katika fasihi, Kiingereza kimepewa nafasi nzima, 820 hadi 829. Lugha nyingi za Afrika, Kizulu na majirani zake, zimesongamana ndani ya 896. Shaaban Robert, mtu aliyekigeuza Kiswahili cha karne ya 20, anakaa 896.392, nyuma ya nukta, kama mpangaji wa chumba cha uani. Hakuna aliyekusudia kumdhalilisha. Rafu ilipangwa mbali, na mkutubi wa Nairobi akaipokea ilivyo.

Ndiyo maana sitaki kujiunga na wanaotaka jina la McMillan lifutwe. Kubadili kibao ni kazi ya asubuhi moja na fundi mmoja. Rafu ndiyo kazi. Ningekuwa na usemi, meza ya kwanza mtu anapoingia, mbele ya samani za Blixen na majalada ya magazeti ya walowezi, ingekuwa na Going Down River Road ya Meja Mwangi, kwa kuwa River Road yenyewe ni mwendo wa dakika chache kutoka pale. Ingekuwa na Sauti ya Dhiki, mashairi ambayo Abdilatif Abdalla aliyatunga akiwa kifungoni. Ingekuwa na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochakaa kwa kusomwa. Na Paulina wa Macgoye angewekwa juu kabisa, aingie hatimaye.

Fedha za kaunti zitengwe sasa, kwenye bajeti, kwa jina la vitabu na wakutubi, zisisubiri mwaka wa sherehe zigeuke mahema. Nawe msomaji, kama katika kabati la mzazi au babu yako kuna kitabu chenye muhuri wa McMillan, kilichoazimwa na kusahaulika tangu enzi za Kenyatta au Moi, kipanguse vumbi ukipeleke barabara ya Banda.