Betri ya Moyo Mbele ya Mionzi

Mgonjwa wa Mpwapwa anayepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi husafiri na barua ya rufaa. Kama chini ya mtulinga wake kuna kifaa cha moyo kilichopandikizwa, barua hiyo ikitajeje? Jina lililozoeleka ni betri ya moyo. Kwa mazungumzo ya wodini linafaa sana, maana mgonjwa na ndugu zake hulielewa papo hapo. Kwa barua ya rufaa halitoshi.

Wagonjwa wa namna hii wapo tangu kifaa chenyewe kianze. Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza kupandikiziwa, mwaka 1958, aliishi hadi 2001 akitumia vifaa 26, kimoja baada ya kingine. Kilichomwondoa ni saratani, si moyo.

Jina hilo halitoshi, kwanza, kwa sababu betri ni sehemu moja tu ya kifaa. Ndani ya kasha lake la titani mna pia kompyuta ndogo inayosikiliza mapigo na kupeleka umeme moyoni pale yanapolegalega. Mionzi huitishia zaidi kompyuta hiyo kuliko betri. Mashine zinazotumia zaidi ya megavolti 10 huzalisha nyutroni, nazo zaweza kuvuruga kumbukumbu yake hadi kifaa kijirudishe kwenye mpangilio wa dharura. Mashine za kobalti-60 hazina tatizo hilo la nyutroni, ila hata huko kifaa hakiachwi katika njia ya mionzi, na dozi inayokifikia hukadiriwa. Wanafizikia tiba wa Marekani waliweka kikomo cha grei 2 mwaka 1994.

Tena, jina hilo moja hubeba vifaa viwili. Kimoja huongoza mapigo yaliyo taratibu mno. Kingine hupiga shoti moyo unapokwenda mbio za hatari. Tuviite kiongoza mapigo na kishtua moyo. Tofauti huonekana kwenye sumaku: ikiwekwa juu ya cha kwanza, kwa kawaida kifaa hupiga kwa kasi isiyobadilika. Juu ya cha pili, husimamisha shoti. Muuguzi asiyejua kipi ni kipi hawezi kuitumia kwa usalama.

Ndiyo maana kazi ya muuguzi huanza kabla ya mashine kuwashwa: kuuliza kila mgonjwa kama ana kifaa, kuona kadi yake, kuhakikisha wataalamu wa moyo wamekikagua na kusema kama moyo unakitegemea muda wote. Wakati wa mionzi mgonjwa hutazamwa kwa kamera na kusemeshwa kwa spika, na kifaa cha kupima mapigo na vifaa vya dharura vikiwa karibu. Baadaye huulizwa kuhusu kizunguzungu, kuzimia, kubanwa pumzi au moyo kwenda mbio, na kifaa cha moyo hukaguliwa tena.

Basi barua inayotoka Mpwapwa iandike aina ya kifaa, kampuni iliyokitengeneza, tarehe ya kupandikizwa na upande kilipo. Nao ndugu wanaomsindikiza mgonjwa wasiiache kadi nyumbani.