Mahindi na Chokaa

Mswahili ameyaita mahindi, kana kwamba asili yake ni Bara Hindi. Nakapanya, mkoani Ruvuma, katika nchi ya Wayao, huitwa chimanga. Na Manga ni Uarabuni. Majina yote mawili yataja njia, wala hayamtaji mkulima: wenyeji wa Meksiko, walioanza kuyalima yapata miaka 9,000 iliyopita.

Yalivuka bahari pamoja na Wareno. Upishi wake, ulioingizwa na UNESCO katika turathi za binadamu mwaka 2010, ukabaki kwao. Wao huyachemsha kwa chokaa, na chokaa hufungua vitamini iliyofungwa ndani ya punje. Pasipo hivyo, ategemeaye mahindi matupu huweza kupata pelagra, maradhi ya ngozi na akili.

Nasi chokaa tulikuwa nayo, ya matumbawe. Tuliijengea misikiti, tukaipaka tambuu, mahindi hatukuyapikia.