Kusoma mtindo ambao kivinjari cha zamani hakiujui

Tangazo la tanzia likifunguliwa katika saiba moja hapa Bumula, Kaunti ya Bungoma, uso wa marehemu huwa mpana kama sinia, na jamaa wa bara hukasirika kwa haki. Kompyuta ni ya Windows 7, kivinjari ni Internet Explorer 11, nacho hakiijui object-fit, sifa ya CSS inayoijaza picha kwenye fremu bila kuipotoa.

Wengi huitegemea JavaScript: isome object-fit: cover, kisha irekebishe picha. Hapo pana mtego. Kivinjari kinapopitia CSS, tamko kisilolielewa hulitupa papo hapo. Ndivyo kanuni za CSS zinavyoagiza. Ukiuliza baadaye kwa getComputedStyle hupati kitu. Internet Explorer ina mlango wa uani, currentStyle, unaotoa neno kama lilivyoandikwa, lakini simu kuukuu za Android hazina mlango huo.

Mimi napendelea hila ya programu ndogo object-fit-images. Thamani hufichwa ndani ya font-family, sifa inayojulikana kila mahali na inayokubali jina lolote la fonti:

font-family: 'object-fit: cover';

JavaScript huisoma kwa getComputedStyle(picha).fontFamily, huondoa alama za kunukuu, kisha huionyesha picha kama mandharinyuma yenye background-size: cover, ambayo hata Internet Explorer 9 inaifahamu.

Iandike kwenye picha yenyewe tu. Sifa ya font-family hurithiwa. Ukiiweka kwenye kisanduku kinachoizunguka, maandishi ya tanzia nayo yatabadilika hati.